Saa Saba: Chakula

Viatu vueni hapa, juu ya jiwe hili.
Kiingilio elfu mbili, wanafunzi mia tano;
pimbi, kama mnavyoona, huingia bure.

Hii ndiyo nyumba ya Lusesa Ntobi,
mbele kidogo ukishaipita Kayenze,
mgongo umeegemea mwamba, uso unatazama ziwa.
Aliijenga kwa mshahara wa karani wa forodha
mtu yule yule aliyetaka forodha zifutwe.
Mimi ni mshika funguo.

Kofia ile msiiguse.
Miwani ina mkono mmoja, wa pili ni uzi.
Redio, mshale wake umeganda
katikati ya Kampala na Nairobi.
Wageni huipiga picha, wananong'ona,
wanadhani aliuacha pale kwa makusudi.
Ni mimi. Niliusogeza nikifuta vumbi.

Na ramani hii aliichora mwenyewe.
Haina mpaka hata mmoja; ina njia ya meli tu:
Mwanza, Bukoba, Port Bell, Kisumu, Musoma,
halafu Mwanza tena,
kama mtu anayezunguka nyumba yake usiku
akihakikisha madirisha.

Sasa njooni mezani.
Mninga huu uliwaweka watu watatu siku tatu:
Ntobi, Ssebugwawo wa Masaka, Owuonda wa Kendu.
Waligombea mabehewa ya treni,
nani alipe rangi ya meli,
stempu ibebe kichwa cha nani.
Asubuhi ya tatu hakuna aliyemwamkia mwenzake.
Usubi uliingia kama moshi, ukatua kwenye wino,
wakauacha.

Muhtasari uko ndani ya kioo, ukurasa wa kumi na moja:
*Saa nne: mabehewa. Hakuna muafaka.*
*Saa tano: mabehewa. Hakuna muafaka.*
*Saa saba: chakula.*
*Saa tisa: tumekubaliana.*

Wote husoma mstari wa mwisho,
walimu huwaambia watoto waunukuu.
Mimi hukaa kwenye ule wa tatu,
kwa kuwa mama yangu yumo mle, Nkwimba,
ndani ya neno moja lenye nukta.

Siku hiyo hakuleta sahani.
Alileta sinia moja, ugali wa muhogo,
ningu wawili kwa wanaume watatu.
Ningu ana miiba kama kesi ya shamba;
humli huku umenuna.
Owuonda akamchambulia Ssebugwawo,
Ssebugwawo akamsogezea Ntobi kichwa,
na mchuzi, mchuzi hauna upande.

Nilimuuliza kabla hajafa: mama, ulipanga?
Akasema, "Sahani zilikuwa chafu.
Nilikuwa nimechoka."

Jiko lake hamtalikuta.
Nyumba ilipofanywa ya kumbukumbu
walilivunja, wakasawazisha, wakamwaga kokoto.
Basi lenu limesimama juu ya mafiga.

Mwaka wa sabini na saba mnaujua kutoka vitabuni.
Mpaka ukafungwa, meli zikagawanywa
kama mbuzi wa marehemu mwenye wake wengi.
Ntobi hakusema kitu. Jumanne iliyofuata
alivaa koti, akakaa mahali pake,
akafungua daftari jipya.
*Waliohudhuria: mimi.*
*Saa nne: mabehewa.*
*Saa saba: chakula.*
Kila Jumanne, miaka sita,
viti viwili vimevutwa nyuma kidogo
kama watu wametoka kunawa.

Daftari hilo halimo ndani ya kioo.
Liko kwangu, chini ya kanga za mama,
na watu wa mambo ya kale hawajaliulizia.
Jumanne ya mwisho mwandiko umelala, unatambaa,
lakini unasomeka:
*Waliohudhuria: mimi na Nkwimba.*
Ajenda hakuandika.

Haya. Mlango wa kutokea ni ule ule.
Tazameni chini mnapovaa viatu,
pimbi hupenda kulala ndani.